Randa Mara Nne

Jina langu la mtaani ni Kiguu na Njia, na sikusingiziwa. Nimefanya kazi katika karakana nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo, nikalala juu ya maranda, nikala kwa mafundi wenzangu, na kila mahali nilipoharibu kitu niliondoka kabla mwenyewe hajakigundua. Hiyo ndiyo shule niliyoimaliza. Ile ya madaftari niliisoma vipande vipande, mwaka huu nipo, mwaka kesho sipo.

Safari hii nilifika kwa mdogo wangu nikiwa na miaka sitini na minane, begi moja, na goti linalolia kama bawaba kavu. Shemeji alinipokea mlangoni, akalipima lile begi kwa mkono.

"Shemeji, mbona jepesi? Umekuja kukaa au kuaga?"

"Nimekuja kukaa."

"Haya. Tutakuuliza tena Jumatatu mbili zikipita."

Mdogo wangu akacheka kutoka ndani, akaja akinyoosha mkono pembeni kidogo ya mahali niliposimama. Nikausogelea. Miwani yake ilikuwa minene kama vitako vya glasi. Nilijua macho yanamsumbua, ila sikujua ni kiasi kile.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya karakana, na njia ya kutokea ilikuwa moja, kupitia humohumo kazini. Basi kila asubuhi nilimpita akiwa tayari kwenye meza yake ya ruta.

Ruta ni mashine ndogo ya mkono yenye kisu kinachozunguka. Wengi wetu huishika na kuipitisha juu ya ubao. Yeye aliipindua kichwa chini, akaining'iniza kama popo chini ya mlango wa zamani alioutoboa tundu, kisu kikachungulia juu. Pale ubao ndio unaoifuata mashine. Meza hizo madukani zipo, lakini alijijengea yake: mlango aliuokota kwenye nyumba iliyobomolewa, miguu ni mabaki ya mbao za paa, swichi ni ya taa ya chumbani, na vumbi linanyonywa na bomba lililowahi kuwa la mashine ya kufulia. Ukutani alitundika kalibu zake, kila moja na msumari wake. Kalibu ni kifaa cha mbao cha kushikilia kipande unachokata, ili cha kwanza na cha mia vitoke ndugu wa tumbo moja.

"Hizi ndizo macho yangu, kaka," aliniambia. "Kipande nakipachika hapa, nasukuma. Hata nikifumba, mkono unajua."

"Nani alikufundisha?"

"Kushika patasi ulinifundisha wewe. Hizi nimejifundisha mwenyewe, ulipokuwa huko unakokujua wewe."

Hakusema kwa ubaya. Mimi ndiye niliyelisikia kwa ubaya.

Wakati huo alikuwa na kazi ya zahanati, milango kumi na miwili ya makabati ya dawa. Siku ya tano tangu nifike, shemeji akampeleka kwa daktari wa macho, nami nikabaki peke yangu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna aliyenipa, nikajipa mwenyewe. Nikafagia, nikanoa patasi, kisha nikaanza kuzikagua kalibu moja moja, kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Kalibu ya milango ndiyo iliyonikamata. Inabeba kipande cha fremu kikiwa kimelala na kukipitisha kwenye kisu, kisu kinakitengenezea ulimi wa kuingia kwenye mwenzake. Nikapapasa kitako chake. Upande mmoja mnene kuliko wa pili, tofauti ya kadi mbili tatu za karata. Nikaweka skwea, kile kipimo chetu cha kona, mwanga ukapenya chini yake.

Nikacheka peke yangu. Nikasema, maskini, macho yameisha, hata kitako cha ubao kinamshinda. Nikaifunga kalibu kwenye jiriwa, nikachukua randa fupi, nikapiga mara nne. Skwea ikakaa, mwanga ukakatika. Maranda nikayatia kwenye kikapu cha shemeji cha kuwashia moto, kalibu nikairudisha kwenye msumari wake.

Kwa nini sikumwambia? Nilijiambia namsitiri, mtu hutangazi upofu wa ndugu yako. Ukweli ni kwamba ilininogea. Miaka yote yeye ndiye mwenye nyumba, mwenye mke, mwenye jina. Leo mimi Kiguu na Njia nimemrekebishia kazi, naye hajui.

Walirudi mchana. Shemeji akatua mkoba mezani.

"Daktari anasema yanaweza kukaa hivi hivi miaka, na yanaweza kuzima. Anasema aangalie kazi zake za kila siku. Siku atakapoona mkono unapotea, ndiyo ajue."

"Mkono wangu haupotei," alisema mdogo wangu, akaingia karakana.

Siku mbili alikata na kuunganisha. Mashine ikaimba, nami nikimpokea vipande na kusugua msasa, tukipiga soga. Alhamisi ndipo nesi mkuu wa zahanati alipopita kuona. Akakuta mlango wa kwanza umelazwa kwenye benchi, akauwekea kiganja kwenye kona.

Tak.

Akabonyeza tena. Tak. Kona moja ilikuwa hewani, mlango mzima umejipinda kama jani la muhindi.

"Fundi, mbona huu unacheza?" akauliza akitabasamu. "Au unataka dawa zetu zicheze nazo?"

Mdogo wangu hakucheka. Akaweka wa pili. Tak. Wa tatu. Tak. Alipofika wa kumi na mbili nesi alikwisha kujiondokea kwa adabu, amesema atarudi wiki ijayo. Mdogo wangu akachukua mbao mpya, akakata fremu moja upya, taratibu, ulimi wake umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Akaiunganisha bila gundi, akailaza, akabonyeza.

Tak.

"Labda mbao zilikuwa mbichi," nikasema.

Wakati huo nilikuwa bado sijajua kosa, ila macho yangu yalikwenda msumarini kwenye ile kalibu.

"Mbao nilizianika mwenyewe, kaka." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Meza ni ileile. Kalibu ni ileile. Mbao ni zilezile. Kilichobadilika ni mimi."

Akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Mimi nikachukua skwea, nikaiegemeza kwenye kisu cha ruta. Kisu kilikuwa kimelala kidogo upande mmoja. Ule mlango wa meza, kwa kubeba mashine miaka yote ile, ulikuwa umebonyea upande mmoja, na kisu kikalala nao. Naye alilijua hilo zamani. Asingeweza kuunyoosha mlango, kwa hiyo aliipinda kalibu kiasi kilekile kuuelekea mlango, vilema viwili vikabebana, na kazi ikatoka imenyooka. Kile nilichokicheka ndicho kilichokuwa akili yake yote. Nami nilikuwa nimeipiga randa.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Alikuwa hatua sita kutoka nilipo, mgongo amenipa. Ningesema, angenitukana, tungecheka jioni. Badala yake nikarudisha skwea mahali pake, kwa upole, isigonge.

Uongo wa kwanza hauna uzito. Uzito ni kesho yake, unapoamka nao. Mezani asubuhi shemeji alikuwa akimsogezea kikombe mpaka mkononi, kabla hata hajakitafuta, naye akamwachia. Siku zote alikuwa akimwambia, "Niache, mke wangu, nakiona." Nikasema nimeshiba, na sikuwa nimekula.

Siku iliyofuata nilichungulia dirishani kwangu nikamwona uani peke yake. Amefumba macho, miwani mfukoni, mikono mbele kidogo. Anatembea na kuhesabu kwa sauti ya chini. "Tisa, kumi, kumi na moja, mlango wa jiko." Akageuka. "Moja, mbili, tatu..." Saba mpaka bombani. Safari ya pili akaikanyaga ndoo, ikaanguka kwa kelele. Haraka akafumbua macho, akatazama huku na huku kama mtu aliyekamatwa akiiba, akaokota ndoo.

Nikarudi nyuma kutoka dirishani. Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu, nimewahi kulala stendi nikijifunika gazeti, lakini aibu ya namna ile sikuwa nimeionja. Mtu mzima alikuwa akijifunza upofu uani kwake, na mwalimu aliyempeleka darasani ni mimi.

Wala hapo sikusema. Nilifanya ninachokijua. Nilikunja mashati yangu mawili nikayatia kwenye begi.

Jumatatu asubuhi nikaamka na begi mkononi, nikafungua mlango wa karakana, nikakuta mtu. Ni fundi wa mtaa wa pili, tunamwita Msasa kwa anavyolainisha maneno. Alikuwa amechutama chini ya meza akiipapasa ruta kama mnunuzi wa mbuzi.

"Shikamoo, Kiguu na Njia," akasema bila kuinuka. "Naona leo njia imeita."

"Marahaba," nikasema, begi nikaliweka nyuma ya mguu.

"Ndiyo wewe, kaka?" Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta. Begi hakuliona. "Afadhali umekuja. Nimemwita achukue mashine na kalibu zote. Afadhali zifanye kazi kwa mwenzangu kuliko kuota vumbi kwangu. Meza shemeji yako ataipasua kuni. Sasa hebu mwelekeze huyu jinsi kalibu zinavyokwenda, mimi sina moyo. Wewe ndiye mwalimu wangu."

"Mwalimu wa mwalimu!" Msasa akasimama akipangusa magoti. "Leo nitakunywa kwenye chemchemi yenyewe. Hii ndiyo ya milango?" Akaichopoa msumarini, akaniwekea mikononi.

Ile kalibu ilikuwa nyepesi. Nikaigeuza kitako juu. Sehemu niliyopiga randa ilikuwa bado nyeupe, wakati kwingine kote kulikuwa kweusi kwa jasho la mkono wake. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Yeye ndiye asiyeweza.

"Mkono wako haujapotea," nikasema.

"Kaka, tafadhali."

"Mkono wako haujapotea! Hii niliipiga randa mimi. Siku mliyokwenda kwa daktari. Niliona imepinda nikainyoosha."

Msasa aliinama kukiangalia kitako cha kalibu, akarudi hatua moja nyuma.

Mdogo wangu akainuka kigodani. Kisha akanyoosha mkono. Nikampa kalibu. Akaipitishia dole gumba kitakoni, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Randa ndefu au fupi?"

"Fupi."

"Na ulijua lini?"

Nilitamani asiulize hilo. "Alhamisi. Ulipokuwa umekaa nje."

"Alhamisi." Akahesabu kwa vidole, polepole, kama alivyokuwa akihesabu hatua. "Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku hizo zote ulikuwa hapa unaniangalia."

"Nilikuwa hapa."

"Hata uani?"

Nikaanza kupangusa vumbi mezani. Akaelewa, uso ukamwiva, akageuzia kichwa ukutani. Hapo ndipo nilipomwongezea aibu juu ya aibu, na hiyo hakuna randa ya kuitoa.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Hakuniangalia usoni, aliliangalia begi.

"Jumatatu ya pili," akasema. "Shemeji, nilikuuliza swali."

Msasa akajikohoza, akaaga kwa sauti laini, akapita pembeni yetu mikono mitupu. Nadhani mtaa mzima ulikuwa na habari kabla ya adhuhuri.

"Weka hilo begi," mdogo wangu akasema. Alikuwa amelisikia, au amelikisia. Ananijua. "Leta gundi. Leta kadi za karata, ziko droo ya juu. Na kisu."

Hakuniita kaka. Nilikata vipande kama alivyoniagiza, akavipapasa, akavikataa, nikakata vingine. Viwili huku, kimoja na nusu kule. Tukavigandisha kitakoni mwa kalibu, tukasubiri gundi ikauke. Kisha akawasha mashine, akakata fremu, akaiunganisha, akailaza benchini. Akabonyeza kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Kimya.

Akazirudia zote nne. Kisha akakaa kwenye kigoda, akafuta miwani yake kwa muda ambao miwani haihitaji. Shemeji alitoka, nikamsikia bombani akifungulia maji mengi.

Macho yake hayakupona kwa sababu mimi nimesema kweli. Yapo vilevile, na daktari hajabadili neno. Ila milango kumi na miwili tuliifumua na kuikata upya, nami nilisugua yote msasa, pande zote mbili, bila kuambiwa.

Jioni ya Jumatatu ile aliniita. "Chukua penseli nene. Andika kwenye kalibu: imepinda makusudi, isiguswe."

Nikaandika. Akaisogeza puani. "Sioni. Andika kubwa."

Nikapiga msasa, nikaandika kubwa. Akaisogeza tena. "Kubwa zaidi."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kiasi cha mimi kuisoma, na wewe kuiona ukiwa mlangoni na begi."

Mara ya tatu herufi zilijaza ubao wote. Akasoma neno moja moja, midomo ikicheza. Kisha akainuka, akaenda ukutani, akaitundika kwenye msumari wake bila kuutafuta. Mimi nikabaki nimeshika penseli, nisijue mikono niiweke wapi.