Jirani wa Fremu ya Pili

Jumatano ya Majivu, saa sita mchana, Hyasinta alimwomba Abdulrazak, muuza vitenge wa fremu ya pili, amwangalizie duka lake la zipu na vifungo pale Kariakoo ili awahi misa.

"Nenda, dada. Uniombee na mimi. Kesho nasi tunaanza Ramadhani."

Aliporudi na majivu kwenye paji la uso, mtaa mzima ulikuwa na majivu usoni. Ghorofa lenye fremu zao lilikuwa limelala chini. Mwenye jengo alikuwa ameongeza ghorofa mbili juu ya nguzo zile zile, na nguzo zilikuwa zimechoka. Abdulrazak alikuwa amekalia kiti cha Hyasinta.

Waokoaji walichimba siku tano, kisha uokoaji ukafungwa rasmi na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikasawazisha kifusi. Ndugu wa Abdulrazak, huko Tunduru, wakamsomea hitima. Siku ya sita Abdulrazak akasalimia kupitia bomba la maji lililochomoza kwenye kifusi.

"Dada Hyasinta, vifungo vyako vipo. Vimetawanyika tu."

"Umeumia, kaka?"

"Mguu siusikii. Jua limeshazama huko? Huku sijui saa ya kufuturu."

Tangu hapo Hyasinta, naye akiwa amefunga Kwaresima, alikuja kila jioni kumwambia kuwa adhana imetoka, akammiminia uji bombani. Mara mbili alichimba kwa sururu. Mara mbili walinzi walimtoa kwa heshima. Akamleta ofisa wa uokoaji. Ofisa akainama kwenye bomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Ofisa akamgeukia Hyasinta. "Tatizo, mama, faili limefungwa. Humu ameandikwa marehemu. Marehemu hafukuliwi bila kibali, na kibali anaomba mwenye eneo."

Mwenye eneo alishapeleka manispaa ramani ya jengo jipya la ghorofa nane.

Mwezi wa Idd ulipoandama, Hyasinta alimpelekea habari. Abdulrazak alishukuru, ila chakula cha mchana alikataa.

"Kwaresima yako bado wiki mbili. Nitakulaje wewe umefunga? Nakusindikiza."

Kanisani, padri aliposoma mpende jirani yako kama nafsi yako, Hyasinta alimwuliza Mungu afanye nini zaidi ya uji, maana kiti kile kilikuwa chake yeye. Hakujibiwa. Aliendelea kumpenda Mungu, kama mtu anavyompenda ndugu asiyepokea simu.

Ijumaa Kuu barabara zilikuwa nyeupe, hazina foleni, magari ya zege yakapita bila shida. Fundi Kasmir aliinama kwanza.

"Mzee, tunamwaga. Fumba macho."

"Nimefumba. Dada yupo?"

"Nipo, kaka."

"Usikae juani, umefunga."

Zege likatandazwa, likafunika bomba. Chini yake Abdulrazak aliendelea kuongea, ila maneno hayakushikika tena. Hyasinta alikaa palepale juani mpaka zege likakauka. Jumanne mafundi walirudi, wakaanza kusimamisha nguzo juu ya msingi uleule.