Bangili ya Petero

Elinipa alishuka kwenye boti pale Kagunga amekunja uso, wala usidhani alikuja kusalimia. Bangili arobaini alizobuni mwenyewe, za kuvaliwa na watoto ili zipige kelele zikiingia majini, zilimwonyesha kwenye simu kwamba kwa wiki tatu hakuna mtoto aliyegusa ziwa. Kagunga hii, ambako mtoto anaogeshwa ziwani kabla hajaota jino! Ijumaa wafadhili wangefika. Wakiziona takwimu hizo, mradi ungefungwa, naye angerudi Moshi mikono mitupu.

Alimkuta Nyabenda, mmoja wa akina mama waliopewa bangili, mwaloni kando ya ziwa akigeuza dagaa juani. Mwanawe Petero, wa miaka minne, alikuwa akichezea mchanga kando yake.

"Mnawavua bangili, siyo?"

"Kwenu hamsalimiani?" Nyabenda hakuinua hata kichwa.

"Nijibu kwanza."

"Watoto nawaogeshea wapi, dada? Humu humu, asubuhi na jioni. Na dude lako linalia mwalo mzima. Siku ya kwanza watu walikimbia wakidhani mtoto anazama. Siku ya nne hakuna aliyegeuka. Tukawafundisha wavue kwanza, ndipo waingie majini."

Damu ilimchemka Elinipa. Bangili alizijaribu kwenye beseni, ofisini kwake Kigoma mjini, zikalia vizuri kabisa. Kwa hiyo wabovu ni hawa.

"Basi nitazitia kufuli, maana ninyi hamfundishiki!"

"Kamfunge kufuli mwanao, kama unaye!"

Walirushiana maneno hadi wanawake wengine wakaacha dagaa wao, wakasogea kusikiliza. Ndipo jicho la Elinipa likaangukia ukingo wa mtumbwi uliokuwa karibu na maji. Juu yake palikuwa na bangili ya njano, imewekwa vizuri, kimya. Petero hakuwepo.

"Mwana wanje! Mwanangu!" Nyabenda alipiga ukelele, akajitosa na kanga zake. Alizama, akaibuka mikono mitupu, akazama tena. Mara ya tatu aliibuka na mtoto. Alimwinamisha, akampiga mgongoni mpaka maji yakamtoka, na hatimaye Petero akalia. Elinipa alikuwa bado amesimama palepale. Mtoto alikuwa amefanya kama alivyofundishwa.

Nyabenda alimjia Elinipa akichuruzika maji, Petero begani. Aliichukua ile bangili mtumbwini, akamkandamizia kiganjani.

"Ijumaa waambie wageni wako ni nzima. Haijalowa hata tone."