Zamu ya Alhamisi

Kule Timau, maji ya mfereji hupita kando ya nyumba ya Gatakaa yakinong'ona, naye amekaa nayo miaka mingi hata anayajua kama mke anavyojua kikohozi cha mumewe. Alhamisi ndiyo zamu yake ya kunyunyizia. Lakini tangu magoti yakatae jembe, shamba lake limemea nyasi tupu, na zamu humwachia Njoki, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Njoki naye humletea maziwa kila asubuhi. Walikubaliana kwa mdomo tu, wakapeana mikono, basi.

Ndipo Gitari, mwenyekiti wa chama cha maji, akaja na gambuti zake zenye matope. Akaeleza kwamba serikali imetoa kanuni mpya: kibali cha maji ni cha shamba, na zamu haiuzwi wala jirani hapewi. Atakayeitoa, atanyang'anywa.

"Hata kwa maziwa?" Gatakaa akauliza.

"Hata kwa maziwa, Mama. Mimi nimetumwa tu."

"Haya. Kitendawili."

Gitari akacheka bila kutaka. "Tega."

"Mgeni wangu hupita mlangoni kila siku, kiti hataki, chai hataki."

"Maji."

"Na sasa mmemkataza hata kumsalimu jirani."

Njoki aliposikia habari hizo alitazama angani. Miche yake ya kabeji ilikuwa tayari kutoka kitaluni, na mvua haikuwa na habari naye. Akasema maziwa ataleta tu. Gatakaa akakataa, maziwa ya bure humkwama kooni.

Mchana akaketi juani, ukungu ukishuka kutoka mlimani, usingizi ukamchukua taratibu. Akaona maji yamesimama kimya, na mashamba ndiyo yanatembea. La Njoki likavuka mfereji polepole, limejitwika kabeji zake kama mwanamke anayetoka sokoni.

Alipoamka akamwita Njoki.

"Kibali ni cha shamba langu, sivyo? Basi lete miche huku. Wewe ulime, mimi nitafungulia maji."

"Shosho, hizi nyasi zitanimaliza."

"Si una ng'ombe?"

Gitari alipopita, miche ilikuwa imekwisha kupandwa kwa Gatakaa; alisimama kwenye ua akatafuta kosa, hakuliona, akaenda zake akipiga mluzi.

Alhamisi maji yakaingia kwa Gatakaa kama mtu aliyechelewa kanisani, yakipapasa mche mmoja mmoja. Ng'ambo, shamba la Njoki lilikuwa limelala kavu, likisikiliza.