Bibi Evodia Ndani ya Simu

Simu ilikuwa na adabu kupita kiasi, ndiyo maana hakuna aliyeisikiliza.

"Mkulima mpendwa, unakumbushwa kupalilia alizeti kwa wakati."

Maneno aliyatunga Dakta Hezekia, mtafiti wa chuo kikuu. Programu iliyowapigia wakulima simu ilitengenezwa na kampuni ya Michael. Sauti ilikuwa ya Dorkas, binti wa kijijini Misigiri mwenye diploma yake na kibarua kinachoning'inia. Michael alishamwambia bila kupindisha: wakulima wasipoisikiliza msimu huu, kampuni na chuo vinaachana, na yeye anarudi kukaa nyumbani.

Nyumbani ndiko dawa ilikokuwa. Asubuhi moja Dorkas alimsikia jirani yao, Bibi Evodia, akimwamsha mjukuu wake wa kiume kwa utani ule ule wa mabibi wote wa pale: "Mume wangu, bado umelala? Majani yameimeza alizeti, nawe unakoroma kama lori la kwenda Shelui! Endelea tu, nitaolewa na mwingine!"

Mjukuu akatoka mbio na jembe, anacheka.

Dorkas akamrekodi bibi. Kuweka rekodi kwenye programu ilikuwa kazi yake, basi akaiweka hiyo, bila kumuuliza Dakta wala Michael. Alichosahau ni kwamba bibi huyo, mwimbaji wa kwaya tangu ujana, ana sauti ya msichana.

Siku ya mkutano wa wakulima, Raheli aliingia ukumbini akimvuta mumewe Simeoni kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alishika simu kama mtu aliyeshika nyoka.

"Shikamoo, Dakta. Huyu mwanamke anayemwita mume wangu 'mume wangu' alfajiri, ni wa chuo au wa kampuni?"

Wanaume wengi ghafla wakaanza kukagua viatu vyao. Dakta akamtazama Michael, Michael akamtazama Dakta. Ushirikiano wao haukuwahi kuwa imara namna ile: kwa pamoja wakamnyooshea Dorkas kidole.

"Mama, kwani Simeoni amepalilia?" Dorkas akauliza.

"Shamba zima! Mimi nimembembeleza tangu mvua ya kwanza, jembe hakuligusa. Huyo kasema mara moja tu!"

Kiti cha nyuma kikalia. Bibi Evodia akainuka na mkongojo wake.

"Mume wangu Simeoni," akaita kwa sauti ile ile, "leo hata salamu hakuna?"

Ukumbi ukalipuka.

"Shikamoo, bibi," Simeoni akanong'ona.

Raheli akakaa chini akifuta machozi ya kicheko. "Haya basi. Na sisi wanawake tuwekeeni babu!"

Michael peke yake hakucheka. Akamwinamia Dorkas sikioni. "Umetuaibisha mbele ya chuo. Simama uombe radhi kama bado unaitaka kazi."

Dorkas akasimama. Kazi aliitaka, tena sana.

"Alizeti imepaliliwa," akasema, ukumbi mzima ukisikia, "na simu sasa inasikilizwa. Siombi radhi."