Sahani ya Verna

Mchana ule redio iliposema bunge la jimbo limepitisha sheria ya kuwaongezea walimu mishahara, mjukuu wangu Raylene alianza kufungua maboksi. Yalikuwa yamepangwa mlangoni, safari ya Texas, maana huko mwalimu analipwa vizuri, na wengi wa hapa Oklahoma wameshavuka mpaka. Nimemlea mwenyewe tangu mdogo. Nilimtazama akirudisha vikombe kabatini, moyo ukanitulia.

"Bibi, unalia?"

"Vumbi tu."

"Vumbi la jikoni! Texas wabaki na joto lao. Mimi na watoto wangu wa darasa la pili hatuondoki, upende usipende."

"Nani angekuchukua, na upishi wako ule?"

Alicheka mpaka akakaa chini.

Alasiri Verna akabisha hodi. Mumewe ni mwenyekiti wa bodi ya shule yetu. Alibeba sahani ya viazi vya kuoka na jibini, bado moto. Nilipofiwa na mume wangu, Verna ndiye aliyetangulia kufika, na sahani kama hiyo. Kwetu chakula hicho hupelekwa penye msiba.

"Shangazi Verna, nani kafa?" Raylene akamtania. "Au mimi, kwa furaha?"

Verna hakucheka. Alimshika shavu taratibu. "Kula, mwanangu."

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Upepo ulikuwa umekatika, jambo lisilo la kawaida huku kwetu.

"Mzee wako hajambo?"

"Hajagusa chakula. Tangu asubuhi anaisoma ile sheria."

"Kwani si imepita?"

"Nyongeza imepita. Hela za kuilipa, kila shule ijitafutie. Zile kubwa za mjini zitapata."

"Na yetu?"

Alitazama dirishani, Raylene akikung'uta boksi huku akiimba. "Bodi inakaa Jumatatu, kuhesabu walimu inaoweza kuwalipa. Nimeshasema zaidi ya ninavyoruhusiwa."

Nikakumbuka jinsi kanisa zima tulivyompigia simu mbunge wetu, mmoja baada ya mwingine, tukimsihi aiunge mkono. Hakuna aliyemuuliza hela zitatoka wapi.

Raylene alijipakulia mara mbili, akanipakulia mimi sehemu ya katikati, yenye jibini nyingi, kama afanyavyo siku zote. Nilikwenda kuosha.

Huku kila mwanamke hubandika utepe wenye jina lake chini ya sahani, ili irudi kwake. Ya msiba wetu ilikuwa na jina la Verna. Hii niliigeuza, nikapapasa kwa kidole. Utepe ulikuwa umebanduliwa, gundi bado inanata. Sahani isiyo na jina hupewa mtu anayehama, asiyetarajiwa kuirudisha.

"Bibi!" Raylene aliita kutoka uani. "Haya maboksi niyachome?"

Niliifuta ile sahani, nikaifuta tena.

"Yaache kwanza, mwanangu," nikasema. "Yaache tu hapo."