Nisipokuangalia, Usiombe Mpira

Niseme mapema ili mtu asinionee huruma bure: nilisikia. Ngazi aliniambia habari ya goti lake dakika kumi kabla ya mchezo, kwa sauti ya kawaida, na masikio yangu hayana kasoro yoyote.

Timu yetu ni ya kiwanda cha sabuni. Asubuhi tunafungasha, jioni tunacheza mpira wa kikapu, na wapinzani wamezoea kututania kwamba hata tukifungwa tunanukia vizuri. Ukumbi wetu umepakana na chumba cha mitambo, paa lake ni la bati, na kelele zake ni za kutia mtu wazimu. Ukimwita mwenzako hakusikii. Ndiyo maana nilipopewa ukapteni, miaka kumi iliyopita, niliweka sheria moja ambayo kila msichana mpya hufundishwa kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Nikikuangalia, mpira unakuja kwako. Nisipokuangalia, usiombe. Usinyooshe mkono, usipige kelele, jua nimekataa na ushike kazi nyingine. Sheria hiyo ilitupa ushindi mwingi, nami niliionea fahari kama vile nimeizaa.

Ngazi alikuja mwanzoni mwa msimu huu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na miguu mirefu hata ikabidi akae upandeupande kwenye meza ya kufungashia. Jina alipewa na Kabati, mwenzetu mwenye mwili mkubwa anayecheza chini ya kikapu, siku alipomwona anashusha boksi kutoka rafu ya juu bila kupanda kitu. "Jamani, tumepata ngazi," Kabati akasema. "Ile ya mbao tuipeleke jikoni ikawe kuni." Mtoto akacheka, jina likamganda.

Alikaa kushoto kwangu. Mimi nikikunja karatasi, yeye anabandika lebo, na midomo yetu ilikuwa haipumziki. Aliniita dada, na hakuwa ananiita hivyo kwa adabu tu. Uwanjani aliishika sheria ya macho kuliko waliokaa nayo miaka. Nilikuwa nikimtupia jicho kabla sijaamua mwenyewe, na yeye tayari yuko hewani. Katika mechi tisa alifunga pointi nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa, na wafanyakazi ambao hawakujua kama kiwanda kina timu wakaanza kuja na watoto wao kumtazama.

Sasa sikieni upande wangu, ambao si mzuri. Kocha alikuwa anastaafu, na ofisi ilikuwa imeshatamka kwamba tukifika fainali, timu nitaachiwa mimi. Nina miaka thelathini na minne. Magoti yangu mwenyewe yanalalamika nikiinuka kitini, na nikitoka kwenye timu narudi kukunja karatasi mpaka uzee. Niliitaka ile filimbi ya kocha shingoni mwangu kwa uchu ambao hata mume wangu sikumwonyesha.

Jumamosi ya robo fainali, Ngazi akaja kuketi kando yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Dada, goti langu halijakaa sawa," akasema. "Tangu Alhamisi nikigeuka linateleza kwa ndani."

Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nikazifunga, nikazifungua, nikazifunga upya. Nilijitia hamnazo. Alingoja kidogo, nikaziona soksi zake pembeni ya viatu vyangu zimetulia tu. Kisha akapandisha soksi, akainuka, akaenda kupasha mwili moto na wenzake.

Robo ya tatu aliruka kuudaka mpira uliogonga ubao, akatua kwa mguu mmoja, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule wenye kelele nilisikia kitu kwa uwazi kabisa. Tulishinda mchezo ule, na hakuna aliyekumbuka kupeana mikono.

Jumatatu kigoda chake kilikuwa kitupu. Kabati alikuja akabandika lebo za Ngazi juu ya kukunja karatasi zake, bila kuombwa na mtu. Hakuna aliyetania. Jioni kwenye mazoezi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wasichana walikuwa hawaruki. Mpira ukigonga ubao walinyoosha mikono na kungoja uwafikie, miguu imeganda sakafuni. Kocha alipiga filimbi mpaka akakohoa. Akawauliza kama wamekuja kucheza au kuanua nguo. Bado hawakuruka.

Jumanne nilikwenda wodini. Daktari alikuwa ameshasema kwamba kano ya ndani ya goti imekatika, na asipopasuliwa ndani ya wiki tatu, mguu utamfaa kutembelea tu, tena kwa kuchechemea. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimkata kucha za miguu, kwa kuwa mtoto alikuwa hawezi kujikunja.

"Wewe ndiye kapteni?" mama akaniuliza. "Huyu akija nyumbani hana hadithi nyingine. Dada kasema hiki, dada kasema kile. Nilitaka sana nikuone."

Nikamwamkia, nikaona haya. Mama alipokwenda kumwaga maji, Ngazi akanivuta mkono.

"Dada, karani wa utumishi anakuja Ijumaa na fomu. Kuna swali kama nilimwambia mtu habari ya goti kabla ya mchezo. Nimwambieje?"

Swali hilo nililijua. Utaratibu wa kiwanda uko wazi: mchezaji akitoa taarifa ya maumivu kwa kocha au kapteni, kisha akachezeshwa, kiwanda kinamtibu mpaka apone. Akificha, ajitegemee. Na Ngazi na mama yake, kwa upasuaji ule, hawakuwa na pa kujitegemea.

"Usijaze kitu," nikamwambia. "Nitakuja Alhamisi, tuijaze pamoja."

"Haya, dada," akasema, akatulia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumatano kocha alinibakiza ukumbini baada ya mazoezi. Alikuwa anahesabu mipira na kuitia kwenye wavu, akaongea bila kugeuka.

"Nasikia maneno kwamba yule mtoto alisema. Mimi hakuniambia. Kama kuna aliyeambiwa akanyamaza, huyo siwezi kumwachia timu. Ofisi haitakubali, hata mimi sitakubali." Akafunga wavu kwa fundo. "Jumamosi ni nusu fainali. Nenda ukapumzike."

Alhamisi nilifika mpaka kwenye geti la hospitali. Mlinzi akanifungulia mlango mdogo, akanisubiri nipite. Nikamwambia nimesahau kitu. Akaniuliza kitu gani, kama ni kadi ya mgonjwa haina shida. Nikageuka, nikaenda zangu. Ijumaa sikwenda kabisa. Nilijiambia kwamba nitasema baada ya mchezo, kwamba siku moja haiui, na upuuzi mwingine wa namna hiyo ambao mtu hujipikia akala mwenyewe.

Jumamosi tulishinda kwa pointi moja. Fainali hiyo, baada ya miaka yote. Nilikwenda chumba cha kubadilishia nguo nikitegemea vigelegele, nikamkuta Kiberiti, msichana wetu mdogo kwa umbo, amejificha nyuma ya mlango wa kabati la nguo akijifungua bandeji. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, kimepinda kwenye kiungo.

"Hiki kimeumia lini?" nikamuuliza.

"Jana mazoezini."

"Umecheza mchezo mzima na kidole hiki? Mbona hukuniambia?"

Kiberiti alitazama sakafu. Wenzake nao wakawa wanatafuta vitu kwenye mikoba yao. Kabati peke yake ndiye aliyefungua mdomo, na alikuwa hacheki.

"Angekuambia ili iweje?"

Basi kumbe walijua. Siku Ngazi aliponiambia, chumba kilikuwa kimejaa watu, na hakuna aliyekuwa na pamba masikioni. Niliketi pale pale nikavua viatu vyangu, nikajiona ninavyonuka chini ya sabuni yote ile.

Jumatatu, kabla ya kengele ya kuingia kazini, nilikuwa mlangoni kwa afisa utumishi. Nilimweleza yote bila kupunguza: alichosema Ngazi, kamba za viatu, wavu wa mipira, geti la hospitali. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua jalada, akanigeuzia karatasi. Ilikuwa fomu, na mwandiko wa Ngazi niliujua kwa sababu ndio uliokuwa kwenye maboksi yetu. Palipoulizwa kama alimjulisha mtu, alikuwa ameandika: *Sikumwambia mtu.* Na chini yake sahihi, na tarehe ya Ijumaa.

"Si kweli," nikasema. "Mimi hapa ndiye niliyeambiwa."

"Nakuamini," afisa akasema. "Lakini orodha ya matibabu ilifungwa Ijumaa jioni ikapelekwa makao makuu. Jibu limerudi Jumamosi, kwamba kiwanda hakitamtibu, na tumeshawapigia simu hospitali. Mimi sina uwezo wa kulirudisha. Ungekuja Ijumaa mchana, ningekuwa na la kufanya." Akalifunga jalada. "Haya uliyonieleza sasa hayamsaidii yeye, na wewe yatakuharibia. Niyaandike au niyasahau?"

Nikamwambia ayaandike. Sikusema kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka kuyabeba.

Nilipofika wodini, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Mama alikuwa anakunja kanga na kuzipanga kwenye begi, na Ngazi alikuwa amesimama dirishani akijifunza magongo. Yalikuwa mafupi. Hospitali nzima hawakuwa na magongo ya kimo chake, ikabidi ainame kama mtu anayetafuta sarafu.

"Wametutoa," mama akasema. "Asante kwa kuja, mwanangu. Wenzako wengine kazi zimewabana." Akamtazama bintiye, sauti ikabadilika. "Ungemsema na wewe, pengine atakusikia. Siku tatu namuuliza kwa nini alificha. Mtu anaumwa tangu Alhamisi, ana kapteni kama dada yake, hamwambii! Ananitazama tu kama bubu."

Nilimwendea Ngazi pale dirishani.

"Kwa nini uliandika hukumwambia mtu?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

Alijibu bila hasira, kama anayeeleza mchezo ulivyokwenda.

"Alhamisi nilikungoja hadi saa za kuona wagonjwa zikaisha. Ijumaa karani alipokuja nikamwomba asubiri. Alisubiri hadi chai yake ikapoa. Nikawa naangalia mlango." Akasogeza gongo moja mbele, likateleza, akalirudisha. "Si ulitufundisha mwenyewe, dada? Usipotuangalia, tusiombe. Nikajua umekataa."

Nikageuka kwa mama yake, kwa sababu hilo lilikuwa ndilo pekee lililobaki mikononi mwangu.

"Mama, hakuficha," nikasema. "Aliniambia mimi, siku ile ile, kabla ya mchezo."

Mama aliacha kukunja. "Alikuambia nini?"

"Kwamba goti linateleza."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Alikuwa na kanga mkononi, nusu imekunjwa. Aliiweka juu ya begi polepole. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana, ningeshukuru hata angeniinulia mkono. Akanipita, akaenda dirishani, akamshika bintiye uso kwa viganja viwili, na kwa urefu wa yule mtoto ilibidi anyanyue mikono juu sana.

"Na mimi nimekusema siku tatu," akamwambia. "Siku tatu, mwanangu, na wewe umenyamaza."

Ngazi aliachia magongo, yakaanguka sakafuni, akajilaza begani kwa mama yake mzima mzima na kulia kwa sauti kama mtoto mdogo. Tangu aanguke uwanjani nilikuwa sijamwona akilia. Niliokota magongo nikayaegemeza ukutani, mahali atakapoyafikia. Nikasimama pale kando yao nikingoja mmoja wao anitazame, hata kwa chuki. Mama alikuwa ameuficha uso wake kifuani mwa bintiye, na Ngazi alikuwa amefumba macho. Nikangoja tena kidogo, halafu nikachukua mkoba wangu nikatoka.