Dakika Kumi na Tano za Nélida

Nélida Oyarzo alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa kumi na minane kati ya hiyo alikuwa mzimamoto wa kujitolea Valparaíso, mji uliokwea vilima kana kwamba tambarare imepigwa marufuku. Mwaka ule, kwenye mtihani wa kikosi wa kupanda ngazi kwa muda uliopangwa, alijitwika mpira wa maji begani, akapanda ngazi, na kwenye kidato cha tisini akaketi. Hakuanguka. Aliketi tu, kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

Kapteni Urrutia akaandika kitu. "Wiki nane. Ukishindwa tena, utahamia jikoni."

"Mimi ni mwokaji mikate, Kapteni. Jikoni ndiko nitokako."

"Basi hutapata shida kuzoea."

Nélida akaenda kwa wifi yake Ximena, aliyewahi kufundisha wapiga makasia na asiyejua kubembeleza.

"Mazoezi unafanya?"

"Natembea saa nzima kila siku."

"Mwendo gani?"

"Wa sokoni."

Ximena akavuta saa yake. "Muda hatuongezi, wifi. Dakika kumi na tano, basi. Tutaongeza kazi ndani yake. Gunia ni lilelile, wewe unashindilia."

Mzunguko mmoja ulikuwa hivi: kuchuchumaa mara kumi na mfuko wa unga kifuani, kujisukuma mara nane kwenye benchi, kisha vidato thelathini kwenda na kurudi. Siku ya kwanza alimaliza mizunguko mitatu. Muda mwingine wote aliegemea ukuta wa jirani. Jirani, Don Evaristo, akafungua dirisha akauliza kama awaite zimamoto.

"Ameshafika," Ximena akamjibu.

Wiki ya tatu akafikisha minne na nusu. Mapumziko yalipimwa kwa pumzi: kumi na tano, halafu kumi na mbili, halafu kumi. Wiki ya tano alikwama kabisa, akasema mwili wake umekwisha kutoa ulichokuwa nacho. Ximena akampunguzia unga, pumzi hakumwongezea hata moja. Kila alipofika mzunguko wa nne Nélida alimchukia wifi yake kwa dhati, na kila alipofika wa sita alisahau. Wiki ya saba alimaliza minane.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mtihani, misonobari ya juu ikashika moto na upepo ukaufuata. Gari la zimamoto likaishia katikati ya kilima. Nélida akapandisha mpira, akashuka, akapandisha mwingine. Safari ya tatu akamkuta Bastián, kijana wa kikosi mwenye misuli ya kupigiwa picha, amekaa kwenye ngazi.

"Pumua mara kumi, mwanangu, halafu uje," akamwambia akipita.

Safari ya tano alijikuta amefika juu akitafuta kitu kingine cha kubeba, akashangaa. Kifua kilikuwa kinamtii. Nyumba mbili ziliungua. Ishirini na tatu zilinusurika.

"Mtihani uko palepale Jumamosi," Kapteni alisema, uso mweusi kwa masizi.

"Hata baada ya leo?"

"Leo sikuwa na saa."

Jumamosi akapanda, mapaja yakiwa mazito kama mbao mbichi, akafika juu zikiwa zimebaki sekunde kumi na moja. Kapteni akampa karatasi ya matokeo atie sahihi. Akaitia akiwa bado anahema, hata sahihi ikafanana na ya mtu mwingine, naye Kapteni, ambaye kwake utaratibu ni utaratibu, akamwambia aitie tena.